Oksijeni Saba au Tano?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa wanafunzi wa sekondari mjini Morogoro. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ili na wewe msomaji uliyeko mbali uwe kama umekaa nasi pale ukumbini.

Hamjambo wadogo zangu? Hebu rudieni tena, maana wale wa nyuma wamejibu kama watu waliokosa uji wa saa nne. Hamjambo? Haya, sasa nimeamini.

Najua mnachokifikiria. Watu wa afya tukija shuleni mnategemea tuongee habari za ukimwi, mimba za utotoni na dawa za kulevya. Leo hapana. Leo nimekuja na kemia. Naona wengine mmeanza kuangalia dirishani! Vumilieni kidogo, kwa sababu kemia hii nimeilipia. Kidogo tu initoe roho, na nilikuwa nimeijua vizuri kabisa kwa mtihani.

Tuanze na swali ambalo wa kidato cha nne mnalijua. Andika mlinganyo wa kuungua kwa gesi ya ethani. Darasani mnalijibu kwa Kiingereza na mnapata alama zenu. Leo tulijibu kwa Kiswahili, tena kwa Kiswahili cha jikoni.

Ethani ni nani?

Ethani ni mtoto wa pili katika ukoo mmoja mkubwa. Mtoto wa kwanza ni methani, ana kaboni moja na haidrojeni nne. Wa pili ni ethani mwenyewe, kaboni mbili na haidrojeni sita. Wa tatu ni propani, kaboni tatu. Wa nne ni butani, kaboni nne. Ukiendelea kuhesabu hivyo unafika kwenye petroli, mafuta ya taa, dizeli, mpaka kwenye nta ya mshumaa. Ni ukoo mmoja, kaboni na haidrojeni tupu, na wote wanapenda moto.

Ethani haina rangi wala harufu. Ikijaa chumbani huioni, na pua haikuambii kitu. Inapatikana ndani ya gesi asilia. Sisi Tanzania gesi hiyo tunayo: Songo Songo, kule Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, na ethani imo kidogo tu.

Sasa mtu ataniuliza, "Dada, kwa nini mitungi ya gesi inayouzwa hapa mjini haijazwi ethani?" Swali zuri. Ili gesi nyingi iingie kwenye mtungi mdogo ni lazima ibanwe mpaka iwe kimiminika. Propani na butani hukubali kirahisi. Ethani ni mkaidi. Bila kubanwa, huwa kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 89 chini ya sifuri. Na joto likishazidi nyuzi 32 hivi, ethani haiwi kimiminika hata uibane vipi. Mnajua wenyewe Morogoro mjini mwezi wa kwanza joto linavyokuwa! Ndiyo maana mtungi wa nyumbani umebeba propani na butani, wadogo zake ethani, wanaoletwa kwa meli kutoka nje ya nchi.

Unaitumia bila kujua

Msidhani kwamba ethani haiwahusu. Katika nchi zenye gesi nyingi, kama Marekani na Saudi Arabia, ethani hupelekwa kiwandani ikachomwa kwa joto la nyuzi zaidi ya 800 pamoja na mvuke, bila kuachwa iungue. Inapoteza haidrojeni mbili na kuwa gesi nyingine iitwayo etilini. Etilini zikiunganishwa maelfu kwa maelfu, unapata plastiki. Dumu unalotekea maji limetokana na gesi hiyo. Yale mabomba meusi yanayoteremsha maji kutoka milimani nayo ni hivyo hivyo. Hata mifuko myembamba ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019 ilitoka katika ukoo huu.

Na hiyo etilini, mkulima wa Kinole au Matombo anaijua kuliko mimi, ila hajui jina lake tu. Ndizi zenyewe huitoa zinapoiva. Ndiyo maana ndizi moja iliyoiva ikiwekwa katikati ya mkungu mbichi, wenzake nao huwahi kuiva. Bibi akifunika ndizi shimoni na kuziwekea moshi kidogo, ule moshi una etilini ndani yake. Bibi ni mkemia, basi tu hakupewa cheti!

Ukiibadilisha ethani kidogo tu, haidrojeni moja ikatoka na kuingia oksijeni yenye haidrojeni yake, unapata ethanoli. Huyo ndiye kileo cha kwenye pombe, na ndiye aliyemo kwenye spiriti ya hospitali. Mwenye kuua vijidudu na mwenye kumfanya baba mtu aanguke mtaroni ni yule yule mmoja. Mada ya pombe nitaileta siku nyingine, msijali.

Harufu inayookoa

Kuna ndugu mwingine wa ethani ambaye leo nataka mumshukuru. Nimesema ethani haina harufu. Propani na butani nazo hazina harufu ya kukushtua. Lakini wewe ukifungua jiko la gesi kabla ya kuwasha, unasikia harufu mbaya kama ya kitunguu kilichooza, si ndiyo? Harufu ile imewekwa makusudi. Ni kemikali iitwayo ethanethioli: ethani iliyotolewa haidrojeni moja ikatiwa salfa yenye haidrojeni yake. Inatiwa kidogo sana, na pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chembe chache mno hewani. Kazi yake ni moja tu, kukupigia kelele: "Gesi inavuja!"

Ukisikia kelele hiyo, usijifanye hodari. Kumbuka kwamba propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, na butani mara mbili. Haipandi juu ikatoka kwenye matundu ya bati. Inashuka sakafuni, inatambaa, inaingia uvunguni, inasubiri. Inasubiri nini? Cheche moja. Kiberiti, sigara, hata swichi ya taa unapoibonyeza.

Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kusimuliwa mambo haya kutoka mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, pale karibu na Msamvu, lori la petroli lilipinduka. Watu walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa, ulitambaa chini kati ya miguu ya watu, hauonekani. Moto ulipotokea, hapakuwa na wa kuukimbia. Waliofariki walizidi watu 100. Najua humu ndani huenda yupo aliyempoteza ndugu au jirani. Sisemi haya kumlaumu marehemu yeyote. Nasema ili sisi tuliobaki tujue: kinacholipuka si yale mafuta unayoyaona kwenye ndoo. Ni ule mvuke usiouona.

Sasa turudi kwenye swali

Ethani inaunguaje? Chukua kalamu. Molekuli mbili za ethani zikikutana na molekuli saba za oksijeni, zinatoa molekuli nne za kaboni dioksaidi na sita za maji. Hiyo ndiyo kuungua kuliko kamili. Moto wake ni wa bluu, sufuria haishiki masizi, macho hayatoki machozi.

Lakini je, oksijeni ikipungua? Tuseme badala ya saba zimepatikana tano tu. Moto hausemi, "Ngoja niwasubiri hizo mbili." Unaendelea kuungua. Sasa zile kaboni nne, kila moja inapata oksijeni moja badala ya mbili. Maji ni yale yale sita, ila badala ya kaboni dioksaidi nne unapata kaboni monoksaidi nne. Hiyo ni sumu.

Tofauti ni saba na tano. Kwenye mtihani tofauti hiyo ni alama moja au mbili. Ngoja niwaambie kwangu ilikuwa nini.

Nilikuwa kidato cha nne, tumepanga chumba wasichana watatu, huku juu Mgeta. Wanaotoka kule wanajua mwezi wa saba ulivyo. Ukungu unaingia mpaka ndani, blanketi linakuwa kama limelowa. Jioni hiyo tulikuwa tunajisomea kwa taa ya sola, na mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu hesabu hizo za ethani, saba na tano. Niliwachorea hata kwenye karatasi ya kaki nikaibandika ukutani. Tukapika maharage nje, tukala. Baridi ilipozidi, mmoja akasema, "Jamani, mkaa bado una moto, tuingize jiko ndani tuote." Nikauliza, "Hautoi moshi?" Akasema, "Hautoi, umeshakolea." Tukaingiza. Tukafunga mlango. Dirisha tuliliziba kwa kanga kwa sababu lilikuwa linapitisha upepo. Tukalala.

Usiku wa manane niliamka na kichwa kinagonga kama kinu. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Miguu yangu mwenyewe! Kichwani nikawa nasema, "Lala tu, asubuhi kitapoa." Kilichotuokoa ni tumbo la mwenzangu. Alishikwa na kichefuchefu, akajikokota hadi mlangoni ili asitapike ndani, akaufungua na kuanguka pale pale kizingitini. Ile hewa ya baridi tuliyokuwa tunaikimbia ndiyo iliyoingia na kutuamsha. Mama mwenye nyumba alitoka kwa kishindo kile, akatuburuta mmoja mmoja hadi uani, huku anatuita majina yetu ili tusilale. Asubuhi tulipelekwa zahanati. Sisi tulikuwa bado tunasema, "Ni yale maharage."

Niliporudi chumbani siku ya pili, karatasi yangu ilikuwa bado ipo ukutani. Oksijeni tano, kaboni monoksaidi nne. Nilikaa kitandani nikalia. Nilikuwa nimeyajua yote. Sikuwa nimejua kwamba yananihusu.

Sumu hii inafanyaje kazi?

Mkaa nao ni kaboni, haukosi kufuata sheria hiyo hiyo. Kwenye hewa ya kutosha unatoa kaboni dioksaidi. Kwenye chumba kilichofungwa, oksijeni inapungua na kaboni monoksaidi inaongezeka. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Mimi nawaongezea: hata pasipofuka moshi, sumu inaweza kuwepo. Mkaa uliokolea, mwekundu, mzuri, usio na moshi, ndio unaodanganya watu. Tena tukumbuke: gesi ya mtungi imetiwa harufu ili ikuamshe. Mkaa hauna mtu wa kuutia harufu.

Ndani ya damu yako kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Ichukulie kama daladala. Kaboni monoksaidi ikiingia, inakaa kwenye viti na haishuki. Inaing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi oksijeni inabaki kituoni, na ubongo na moyo vinakosa abiria wao. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, akili inachanganyikiwa. Kisha unasikia usingizi. Ukiutii usingizi huo, unaweza usiamke.

Na hata usipokufa usiku mmoja, moshi wa kila siku nao unakula polepole. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 hewa chafu inayotokana na kupikia majumbani ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Wanaovuta moshi huo zaidi ni mama anayepika, mtoto aliyebebwa mgongoni, na wewe dada unayepuliza kuni kabla ya kwenda shule.

Sasa tufanye nini?

Sikuja kuwatisha tu. Haya ndiyo mambo ya kuondoka nayo. Yaandikeni, au yakateni gazetini myabandike ukutani, ila safari hii muyafuate.

Kwanza, usilale kamwe na jiko la mkaa ndani, hata kama mkaa hautoi moshi, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Wapo wanaosema ukiweka beseni la maji karibu na jiko sumu inaingia majini. Si kweli. Kaboni monoksaidi haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Ukiona baridi, ongeza nguo na soksi, laleni karibu karibu. Jiko libaki nje.

Pili, ukimkuta mtu amezidiwa kwenye chumba chenye jiko, fungua milango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa, muwahishe kituo cha afya. Sema wazi kwamba alikuwa na jiko la mkaa ndani, usione aibu, maana anahitaji kupewa oksijeni na si dawa ya malaria. Na wewe unayeokoa usikae ndani muda mrefu.

Tatu, kwa wenye gesi. Mtungi usimame wima, usilazwe. Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Ukimaliza, funga kwenye jiko na kwenye mtungi pia. Mpira ukianza kupasuka au kuwa mgumu, badilisha. Ukitaka kujua kama unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanafura, gesi inatoka. Usijaribu kamwe kwa njiti ya kiberiti. Na gesi ikikaribia kwisha, usiupashe mtungi moto juu ya mkaa. Nimeona watu wakifanya hivyo, bwana!

Nne, ukisikia ile harufu ya kitunguu kilichooza: usiwashe wala usizime taa, usiguse swichi yoyote. Funga mtungi kama unaweza kuufikia kwa usalama, fungua milango na madirisha, watoe watu wote nje, hasa watoto, kwa sababu wao wako karibu na sakafu. Ukiwa mbali na pale, piga simu zimamoto, namba 114.

Tano, angalia rangi ya moto wako. Bluu ni oksijeni saba. Ukiona moto wa njano na sufuria inashika masizi, ujue unakaribia tano. Ongeza hewa, safisha matundu ya jiko, au mwite fundi.

Neno la mwisho

Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni jambo jema kwa mapafu yetu na kwa misitu ya Uluguru, ambayo ndiyo inayolinda maji tunayokunywa hapa mjini, na maji ya Mto Ruvu wanaoyategemea wenzetu wa Dar es Salaam. Lakini najua nyumbani kwenu leo jioni wengi mtapikia mkaa au kuni, kwa sababu kujaza mtungi si hela ndogo. Simcheki mtu. Hata mimi nyumbani mkaa upo.

Ninachoomba hakihitaji hela. Dirisha kufunguka hakuna bei. Jiko kutolewa nje kabla ya kulala hakuna bei. Tena ninyi mna nafasi ambayo mama hana: mmekaa darasani mkafundishwa kwa nini. Basi leo jioni, ukifika nyumbani, mwambie mama, mwambie bibi, mwambie mdogo wako aliyeko kwenye chumba cha kupanga. Usimwambie kwa jeuri ya msomi. Mwambie taratibu, "Mama, jiko hili lilale nje," na ubebe mwenyewe.

Wale wenzangu wawili wapo hai. Mmoja ana mtoto. Kila mwezi wa saba ukifika, huwa ananitumia ujumbe mfupi wenye maneno mawili tu: "Umefungua dirisha?"

Na mimi nakuuliza wewe msomaji: umefungua?

Maswali sasa, na waanze wale wa nyuma.